Sura ya Tatu ya Mwalimu Tena

Hebu mwone anavyokuja. Anapanda ngazi za jengo la Kitivo cha Elimu, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umekumbatia bahasha ya kaki iliyovimba hadi haifungiki. Pindo la mkono wa gauni lake lina vumbi la chaki, maana ametoka darasani moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Kwenye kila kona ya ngazi anasimama na kusoma matangazo ya ukutani. Anayasoma kweli, huyu hawezi kupita mbele ya maandishi akayaacha, lakini tusidanganyane: anachokitafuta pale ni pumzi.

Vijana wa chuo wanampisha. "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

Wanadhani ni mzazi aliyekuja kumsaka mwanawe asiyepokea simu. Kisha wanamwona anaingia kwenye foleni nyuma yao, kwenye mlango wa msimamizi yule yule, anatoa miwani, anatoa kalamu nyekundu, anaanza kukagua kazi yake mwenyewe kama anayesahihisha madaftari ya watoto. Hapo ndipo macho yanapowatoka.

Shuleni kwake wanamwita Mwalimu Tena. Anafundisha darasa la kwanza, na amelifundisha muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanaompelekea watoto leo aliwafundisha wao kwanza. Jina hilo walimpa watoto, kwa sababu mtoto akisoma mstari vibaya Mwalimu hakasiriki, hachapi, hasemi "mbona hivi." Anasema tu, "Tena." Akisoma vizuri, anatabasamu na kusema, "Tena," safari hii ili wote wawili wafurahie. Mtu mzima hawezi kutofautisha hizo "Tena" mbili. Mtoto wa miaka sita anazitofautisha vizuri sana.

Sasa na yeye amekuwa mwanafunzi. Anasomea shahada ya pili ya elimu, na tasnifu yake inauliza swali ambalo limemkaa moyoni miaka mingi: mzazi asiyejua kusoma anamsaidiaje mtoto wake ajue kusoma? Sura ya Kwanza ilipita. Ya Pili ilipita kwa kusukumwa. Sura ya Tatu ndiyo iliyokwama, kama kabati kubwa kwenye mlango mdogo: mbele haiendi, nyuma hairudi.

Kama hujawahi kuandika tasnifu, nikueleze kidogo. Sura ya Tatu ni ile ya mbinu za utafiti. Hapo huambiwi useme umegundua nini. Unaambiwa useme ulifanya nini: ulimuuliza nani, ulimpataje, ulimuuliza kwa maswali yapi, na ulihakikisha vipi kwamba hukumkosea. Unaweza kudhani ni sura rahisi. Mtu si anajua alichofanya? Ngoja uambiwe ukiandike chote.

Msimamizi wake ni Daktari mmoja, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, naye wakati huo alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Mwisho wa mwezi angeanza likizo ya uzazi, na wanafunzi ambao Sura ya Tatu yao haijapita wangehamishiwa kwa Profesa mmoja ambaye wanafunzi humwita Anza Upya. Sina haja ya kukueleza kwa nini wanamwita hivyo.

"Karibu, Mwalimu, kaa," Daktari alisema siku hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama, mgongo kwenye kabati la vitabu. "Usinihurumie. Nikisimama ndiyo nafuu yangu."

"Pole na mzigo, mwanangu. Samahani. Daktari."

"Mwanangu ni sawa tu. Hata mama yangu haniiti daktari."

Alifungua ile bahasha, akapitisha kidole pembeni mwa kurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika hapa na pale. Uteuzi wa kaya, vizuri. Mahojiano na wazazi, vizuri. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa umeandika kwamba maswali yako uliyafanyia majaribio kwanza katika kaya moja. Kaya ipi?"

"Kaya moja tu. Ya jirani jirani."

"Jirani wa nani?"

"Wangu."

"Anakaa wapi?"

"Karibu."

"Karibu kiasi gani?"

Mwalimu Tena akatazama dirishani. "Karibu sana."

Daktari akavua miwani. "Mwalimu."

"Haya, ni kwangu. Ni mume wangu."

"Si kosa hilo. Wengi wanaanzia nyumbani. Ila useme." Akafunua kurasa za mwisho, kwenye viambatisho. "Na ridhaa yake iko wapi? Kaya nyingine zote nimeona fomu zao. Huyu kaweka saini, huyu kaweka dole gumba na shahidi wake. Ya kwako siioni."

Mwalimu Tena akacheka, kile kicheko chake kinachoanzia mabegani. "Daktari! Nani anamwomba mumewe ridhaa kwa fomu? Mimi na yule tumelala kitanda kimoja tangu wewe hujawa hata wazo."

Daktari hakucheka. Aliuliza kwa upole tu: "Alijua kwamba unamhoji?"

Kile kicheko kikarudi mabegani kikakaa.

Maana hakujua. Tukisema kweli, alijua mwanzo tu.

Ilikuwa hivi. Mwalimu alimwendea mumewe kwenye karakana yake ya useremala na karatasi ya maswali mkononi, akasoma la kwanza kwa sauti ya ofisini: "Ni kwa kiwango gani unashiriki katika maendeleo ya usomaji wa mwanao?" Mumewe akaweka randa chini. "Mama Pacha," akasema, "unaniuliza kama hakimu. Nimekosa nini?" Wakacheka wote wawili. Mwalimu akaona kweli, swali ni baya. Akaikunja karatasi, akaisukumia mfukoni, akakaa juu ya gogo, na mvua ikaanza, na wateja hawakuja, na wakaongea. Wakaongea mchana wote ule mambo ya watoto wao walipokuwa wadogo. Jioni Mwalimu akaingia ndani akaandika kila kitu, na kutokana na alichoandika akabadilisha karibu maswali yote. Yakawa maswali ya mtu kumuuliza mtu.

Lakini kwa mumewe, karatasi ilipoingia mfukoni, utafiti uliisha. Yaliyofuata yalikuwa mazungumzo ya mtu na mkewe.

"Niitoe hiyo sehemu?" Mwalimu aliuliza.

"Ukiitoa, maswali yako yote yanabaki hewani. Mtahini atauliza yalibadilika kwa nini, utasema nini? Na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Hiyo ya kofia ya sungura nimemsomea hadi mume wangu." Daktari akajishika kiuno. "Ila ukiiacha, lazima useme wazi ni kaya ya mtafiti mwenyewe. Na ukisema hivyo, hata usipotaja jina..."

"Mume ni mmoja," Mwalimu alimalizia.

"Ndiyo hivyo. Yeye ndiye wa kuamua. Akikataa, tutaitafutia njia. Akikubali, iwe anajua anachokikubali." Alimrudishia bahasha. "Mwisho wa mwezi, Mwalimu. Huyu aliyemo humu hasubiri mtu."

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Mwanamke huyu alikuwa amepita nyumba za watu, amekaa kwenye vibaraza vyao, amewasomea fomu neno kwa neno, amewaambia una haki ya kukataa, una haki ya kujitoa wakati wowote, hutaulizwa sababu. Akarudi kwake, akavua viatu mlangoni, na haki zote hizo akaziacha nje pamoja na viatu.

Sasa nikujulishe kwa mumewe.

Ni fundi seremala. Mteja humwita Fundi, mkewe humwita Baba Pacha, kwa sababu watoto wao wa kwanza ni mapacha, wameshaoa na wanakaa mbali. Karakana yake imeegemea nyumba, na mlango wa nyumba hiyo, kama ilivyo ada kwa nyumba za mafundi, haufungi vizuri. Kila kitu anachotengeneza, stuli, meza, kitanda, anakigeuza na kukichonga alama yake chini: mistari mitatu inayokutana, kama unyayo wa kuku. Hakwenda shule. Hajui kusoma, na nyumbani hakuna anayeficha jambo hilo. Nje ya nyumba ni habari nyingine. Mteja akileta vipimo vilivyoandikwa, Fundi hupapasa mfuko wa shati na kusema, "Nisomee bwana, miwani nimeiacha ndani." Mteja anasoma, Fundi anasikiliza mara moja, na kipimo hakikosei. Miwani hiyo haijawahi kuwapo. Macho yake yanaona uzi kwenye sindano.

Lakini watoto wote wa nyumba hiyo walijua kusoma mapema, na si mama yao peke yake aliyewasomesha. Mama alirudi na madaftari ya watoto wa watu mpaka kidevuni. Baba ndiye aliyesema, "Njoo unisomee." Alizima kelele, akakaa, mtoto akasimama kwenye maranda yaliyomfika vifundoni, akasoma. Baba alikuwa na utaratibu wake: mtoto aweke kidole pale anaposoma, na ukurasa ukiisha amweleze kwa maneno yake mwenyewe kilichotokea.

Kitindamimba wao, huyu ambaye sasa anasomea uuguzi, aligundua mapema kwamba baba hajui herufi. Akaona njia ya mkato. Akawa anatazama picha na kutunga hadithi, haraka haraka, akacheze. Baba akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akasema, "Nisomee ukurasa ule wa jana." Binti akatunga tena. Baba akainua mkono.

"Jana sungura alikuwa na kofia."

"Ndiyo, baba."

"Leo kofia iko wapi?"

Mtoto akatazama kitabu. Akatazama baba. "Ameivua."

"Kitabu hakivui kofia kikiwa kimefungwa," baba akasema. "Weka kidole."

Ndiyo hiyo hadithi ya kofia. Kutokana nayo Mwalimu aliongeza swali ambalo hakuna kitabu cha mbinu kilichompa: *Mtoto akikusomea, unajuaje kwamba anasoma kweli?* Wazazi waliulizwa swali hilo, na waliokuwa wamejikunyata kitini wakakaa sawa. Kila mmoja alikuwa na njia yake.

Kuna jambo moja zaidi juu ya hawa wawili, na bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Fundi hununua misumari iliyofungwa kwenye vipande vya magazeti ya zamani. Misumari ikiisha, hakitupi kile kipande. Anakinyoosha kwa kiganja juu ya meza, na jioni, kazi ikiisha, anampelekea mkewe: "Mama Pacha, leo kuna nini?" Naye husoma. Mara ni nusu ya habari ya mwizi wa ng'ombe, mara ni tangazo la mtu aliyepotewa na cheti. Habari haina mwanzo, au haina mwisho, na wao hukaa wakaimalizia. Mwizi wa ng'ombe ameshakamatwa nyumbani kwao mara nyingi kuliko mahakamani.

Siku hiyo Mwalimu alirudi kutoka chuoni akazunguka zunguka jikoni kama mtu aliyepoteza kitu. Mwishowe akaenda karakana. Fundi alikuwa anapaka gundi kwenye mguu wa kiti.

"Baba Pacha, nina neno."

"Sema, mikono ndiyo ina kazi, masikio yapo."

Akalisema. Alilisema lote, na alilisema vibaya, kwa maneno ya chuoni, kaya ya majaribio, maadili, viambatisho. Fundi akaendelea kupaka gundi mpaka pakawa na gundi kuliko mguu.

"Siku ile ya mvua," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kumbe ulikuwa unaandika."

"Niliandika baadaye. Nilipoingia ndani."

"Ndiyo nasema. Ulikuwa unaandika." Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Mimi nilidhani tunaongea."

"Tulikuwa tunaongea, mume wangu."

"Sasa yameshakuwa ya chuo." Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Yule mteja mwenye kabati la nguo akija kesho atasema, Fundi, miwani vipi? Wale walimu wenzako ndio usiseme. Mwalimu wa kusoma, mumewe hivi."

"Ndiyo maana nakuomba."

"Unaniomba leo."

Akarudi kwenye mguu wa kiti, akaanza kukwangua gundi iliyozidi.

Siku zilizofuata hawakugombana. Wangegombana ingekuwa afadhali. Fundi aliamka, alisalimia, alikula, alishukuru. Lakini Mwalimu alipopita karakana aliona kipande cha gazeti kimekunjwakunjwa na kutupwa kwenye maranda, na siku ya pili akaona kingine. Alikiokota, akakinyoosha juu ya goti. Ilikuwa habari ya kijana aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi, na mlangoni akakuta... Hapo gazeti lilikuwa limechanwa. Akabaki nacho mkononi. Peke yake hakuweza kuimaliza.

Jioni hiyo alikaa kwenye meza yake, ambayo Fundi alimtengenezea siku alipopata nafasi ya chuo, akaanza kuifuta ile sehemu. Afadhali Profesa Anza Upya, alijiambia. Afadhali kuanza upya na karatasi kuliko kuanza upya na mtu.

Kitindamimba, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alimkuta hivyo. "Mama, unafuta nini?"

"Kofia ya sungura."

"Mimi nimo humo?" Akachungulia. "Mama! Umeandika kwamba nilikuwa nadanganya!"

"Sijataja jina."

"Kitindamimba wa nyumba hii tupo wangapi?"

"Umo," ikasema sauti mlangoni. "Na wewe ndiye mshtakiwa."

Fundi alikuwa amesimama pale, maranda kichwani, sijui tangu lini. Hakuingia moja kwa moja. Alijaribu mlango kidogo, kama anayekagua bawaba, kisha akavuta stuli.

"Haya. Lete hiyo sura," akasema. "Nisomee."

"Yote?"

"Wewe mtoto akikuletea kitabu unasoma katikati?"

Basi akamsomea. Alianza na mpango wa utafiti, akaja eneo la utafiti, akaja sampuli.

"Hapo simama," Fundi alisema. "Sampuli ni nini?"

"Ni wachache unaowachukua wawe badala ya wengi. Huwezi kuuliza kila mzazi."

"Kama kipande cha mbao ninachomwonyesha mteja kabla sijanunua ubao."

"Hasa."

"Kwa hiyo mimi ni kipande."

"Baba," kitindamimba alisema, "wewe hata sampuli si wewe. Wewe ni kile kipande cha kujaribia msumeno."

"Ndiyo maana naona uchungu," Fundi alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hizo mdomo wake ukacheza pembeni.

Mwalimu akaendelea. Alipofika kwenye kaya ya majaribio sauti yake ikashuka. Alipofika kwenye maneno *mzazi ambaye hajui kusoma wala kuandika*, aliyapitia kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Fundi akainua mkono. "Hapo umekimbia."

"Sijakimbia."

"Kwa nini umekimbia?"

"Naogopa kukuumiza."

"Tena," alisema Fundi.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma tena, polepole, kwa sauti yake ya darasani: kwamba katika kaya hiyo baba hakuwa anajua kusoma wala kuandika, kwamba alisikiliza kila mtoto wake akisoma, kwamba alidai kidole kiwekwe kwenye neno, kwamba alikumbuka hadithi ya jana kuliko mtoto aliyeisoma. Kwamba mtafiti, ambaye ni mwalimu, alikuwa ameishi na utaratibu huo nyumbani mwake bila kuuona ni utaratibu.

Kiganja cha Fundi kilikuwa kinapapasa chini ya meza, pale alipoichonga ile alama.

"Na hiyo karatasi ya kuomba," akauliza, "inasema ninaweza kufikiri?"

"Inasema."

"Basi nafikiri." Akaenda zake kulala.

Alifikiri. Loo, alifikiri! Mwezi ukawa unaenda, Daktari akapiga simu kwamba miguu imemvimba na huenda akaondoka mapema, Mwalimu akasema sawa, na hakumwambia mumewe hata neno. Alitamani. Kila akimpelekea chai ulimi ulimwasha. Lakini kumkumbusha kulikuwa kumsukuma, na alikuwa ameshawaambia watu wengi mno kwenye vibaraza vyao kwamba hakuna atakayewasukuma. Kwa hiyo alipeleka chai, akachukua kikombe, akaondoka.

Kisha asubuhi moja Fundi akamwita kitindamimba karakana. "Hiyo karatasi lazima aisome mtu ambaye si mtafiti, sivyo? Haya, isome. Na wewe tunakujua, weka kidole."

Binti akaisoma yote, kidole kwenye kila neno. Mama yake alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwisho Fundi alitoa penseli sikioni. Binti akamsogezea wino wa dole gumba.

"Wa nini huo?" Fundi alisema. Akainama, akachora mistari mitatu inayokutana, taratibu, akiikaza kama anachonga. "Kazi yangu yote imesainiwa hivyo. Na hii pia."

"Ahsante," Mwalimu alisema. Kisha, kwa sababu ni binadamu, "Baba Pacha, umekubali kwa sababu..."

Fundi akainua mkono ule ule. "Si imeandikwa anayekataa haulizwi sababu? Basi na anayekubali asiulizwe."

Akashika randa.

Sura ya Tatu ilipita. Daktari aliisoma amelala ubavu, akaandika pembeni mwa ukurasa ule, kwa mwandiko uliopinda, *Sasa nimeiona kaya*, na hazikupita siku nyingi akajifungua mtoto wa kike mwenye mapafu ya mwalimu mkuu. Karakana nako maisha yakaendelea. Jioni kipande cha gazeti kikaanza kurudi mezani, kimenyooshwa. Kile cha kijana aliyerudi nyumbani Mwalimu alikuwa amekitunza, wakaimalizia habari yake pamoja, na sitakwambia waliimaliza vipi, hilo ni lao.

Muda ukapita, siku ya kuitetea tasnifu ikafika. Ni chumba cha kawaida, meza ndefu, watahini upande mmoja, mtafiti upande mwingine, viti vya nyuma kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Walimu wenzake walikuja. Daktari alikuja, mtoto mgongoni. Na safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango, alikaa mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakaa kama kadibodi, na sikioni penseli aliyoisahau. Kabla ya kukaa alikigeuza kiti akakitazama chini. Uso ukaonyesha hakuridhika na fundi aliyekitengeneza.

Mambo yalienda vizuri. Watahini waliuliza, Mwalimu alijibu. Kisha mmoja, mzee mpole mwenye sauti ya kukwaruza, akafungua Sura ya Tatu.

"Hii kaya ya majaribio ni yako," alisema. "Umelieleza hilo kwa uaminifu, na ridhaa nimeiona. Nina swali moja tu, Mwalimu. Mume na mke ni watu wanaopendana, tuseme. Umejuaje kwamba alikubali kwa hiari yake, na si kwa kutaka kukufurahisha wewe?"

Mwalimu akaiweka kalamu yake nyekundu mezani. Hakuwahi kumuuliza mumewe. Alikuwa amekatazwa kuuliza, na alikuwa ametii, na utii ule ndio heshima kubwa aliyowahi kumpa. Akageuka taratibu, akatazama safu ya mwisho. Fundi naye alikuwa anamtazama yeye, mkono mmoja juu ya goti, kama alivyokuwa akikaa zamani mtoto akifika mwisho wa ukurasa. Hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Alikuwa anasikiliza.

Wewe ungekuwa pale mbele, ungemjibu nini yule mzee?